"Litapanda Lenyewe": Kisa cha Kondo Lililoota Kwenye Kovu

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na mikunjo yake imeanza kuchanika. Mama aliichomoa ndani ya kijitabu cha kliniki, akainyoosha juu ya paja kwa kiganja, akanipa kwa mikono miwili. Ilikuwa ripoti ya skani ya wiki ya 22, mistari kumi na kitu ya Kiingereza: mapigo ya moyo wa mtoto, kipimo cha kichwa, urefu wa mfupa wa paja, maji yanatosha. Mstari wa tisa ulisema kondo la nyuma limekaa upande wa mbele, limelala chini, na ukingo wake umefika kwenye mlango wa mji wa mimba.

"Hapa walikwambia nini?" nikamuuliza.

"Walisema litapanda lenyewe, sista."

Mimi ni mkunga katika kliniki ya mimba zenye hatari, hospitali ya rufaa hapa Nairobi. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya mama mwenyewe, na nimebadilisha mambo madogo madogo asije akatambulika. Nimekaa na hayo maneno mawili, litapanda lenyewe, kwa miezi sasa. Nataka kueleza kwa nini ni ya kweli kwa akina mama wengi, na kwa nini kwake yalikuwa karibu yamuue.

Ni ya kweli kwa sababu hii. Kondo halitembei, ila sehemu ya chini ya mji wa mimba hutanuka sana katika miezi ya mwisho, na kondo lililoonekana karibu na mlango wiki ya 20 huvutwa juu pamoja na ukuta uliolibeba. Katika kila akina mama 10 wanaoambiwa kondo liko chini wakati huo, takriban 9 hukuta limeshaondoka njiani kabla ya kujifungua. Kwa hiyo mtaalamu wa skani aliyemtuliza hakudanganya. Ila hakuuliza swali moja, na wala fomu iliyokuja na mgonjwa haikumjibia: je, huyu ameshawahi kupasuliwa?

Alikuwa ameshapasuliwa mara mbili. Mwaka 2015 alipelekwa thieta kwa kuwa uchungu "hausongi", njia ikiwa imefunguka sentimita 4. Mwaka 2019 alipasuliwa tena kwa sababu alishapasuliwa. Mwaka 2022 mimba ya wiki 11 ilitoka, akasafishwa mji wa mimba. Sasa alikuwa na miaka 34, mimba ya nne, anauza nguo za watoto soko la Gikomba na anakaa mtaa wa Kayole. Mambo hayo yote yalikuwa kwenye kijitabu chake, ukurasa wa historia ya uzazi, kwa mwandiko unaosomeka vizuri. Ripoti ya skani ilikuwa imechomekwa kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu kilekile. Kwa wiki saba kurasa hizo mbili zilikaa pamoja ndani ya mkoba wake na hakuna aliyezisoma kwa pamoja.

Sipendi kupita haraka kwenye ule upasuaji wa 2015. Sentimita 4 bado ni mwanzo wa uchungu kwa wanawake wengi. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2018 linahesabu hatua ya kasi kuanzia sentimita 5. Sikuwepo, sijui mapigo ya mtoto yalikuwaje usiku ule, na sitamhukumu aliyeshika kisu. Upasuaji huokoa watoto na mama zao, mimi mwenyewe nimewapokea wengi ambao bila kisu wasingepumua. Lakini kila kovu la kwanza lina bei inayolipwa miaka baadaye, na mara nyingi anayelipa hakuambiwa kwamba bei ipo.

Bei yenyewe imeshahesabiwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, uliofuatilia wanawake zaidi ya 30,000 waliojifungua kwa upasuaji, uliangalia wale ambao kondo lao lilifunika mlango wa mji wa mimba. Kwa aliyepasuliwa mara ya kwanza, uwezekano wa kondo kushika ukuta ulikuwa asilimia 3. Mara ya pili, 11. Mara ya tatu, 40. Mara ya nne, 61. Mama wa Kayole alikuwa anaelekea upasuaji wa tatu na kondo lake liko mlangoni, mbele, palepale kovu lilipo. Wanawake wawili kati ya watano wa namna yake. Namba hiyo haihitaji mashine kuipata, inahitaji mtu afungue kijitabu ukurasa wa historia.

Sasa kuhusu huku "kushika". Kwa kawaida kati ya kondo na msuli wa mji wa mimba kuna utando laini unaoandaliwa na mwili wa mama, unaoitwa desidua. Kondo huota juu ya utando huo, na mtoto akishatoka msuli hujikaza, utando huachia, kondo linadondoka zima. Penye kovu utando huo huwa mwembamba au haupo kabisa. Chembe za kondo zinazotafuta mishipa ya damu ya mama hazipati pa kuishia. Ni kama mti ulioota kando ya ukuta wenye ufa: mzizi haukuwa na nia ya kubomoa nyumba, umefuata upenyo uliokuwepo. Zikishika juu ya msuli tu, huitwa akreta. Zikiingia ndani ya msuli, inkreta. Zikipenya mpaka nje, hata kufikia kibofu cha mkojo kilichokaa mbele ya kovu, perkreta. Madaktari Irving na Hertig wa Boston waliieleza hali hii kwa kina mwaka 1937, enzi ambayo kupasuliwa kulikuwa nadra. Leo tunaihusisha zaidi na makovu yetu wenyewe.

Na huyu mama hakuwa na maumivu yoyote. Tumbo halikumuuma, mtoto alicheza, alibeba mabunda yake ya nguo kama kawaida. Wiki ya 29, alfajiri, aliamka akahisi leso imelowa. Damu nyekundu mbichi, bila uchungu hata kidogo. Ilikatika yenyewe kabla ya saa mbili asubuhi. Alioga, akabadilisha, akaenda sokoni. Nilipomuuliza kwa nini hakwenda hospitali siku hiyohiyo, alinijibu kwa utaratibu kabisa: "Sista, kitu kisichouma, na kimekatika, ningewaambia nini?" Nimelikumbuka jibu hilo kila ninapofundisha, kwa sababu sisi ndio tuliomzoesha kwamba dalili ya hatari ni ile inayouma.

Aliyemwokoa ni muuguzi kijana wa kituo cha afya, huko huko Eastlands, siku tatu baadaye. Mama alikwenda kuchukua vidonge vya kuongeza damu na akataja ile leso kwa kupita tu. Yule muuguzi akafungua ukurasa wa historia, akafungua karatasi ya skani, akaviweka sambamba mezani. Hakumpima kwa kidole, na alifanya vyema, maana kidole kikigusa kondo lililofunika njia kinaweza kuanzisha damu isiyozuilika. Akaandika barua ya rufaa ya mistari mitatu: makovu mawili, kondo mbele na chini, damu bila maumivu, tafadhali angalieni kama limeshika. Barua ninayo kumbukumbu yake neno kwa neno. Madaktari bingwa wameniletea barua ndefu zaidi zenye maana kidogo.

Kwetu skani ilifanywa na daktari wa picha ambaye kwanza alimrudisha nje anywe maji. "Kibofu kijae kiasi, mama, usijibane sana." Nilikuwa nimekaa pembeni, na hapa naomba msomaji akae nami, kwa kuwa ndipo ugonjwa unapoonekana kwa macho. Kibofu kikiwa na maji hutokea kwenye skrini kama kidimbwi cheusi. Kati yake na mji wa mimba panatakiwa kuwe na mstari mweupe uliokamilika, kama uzi ulionyooshwa. Wa mama huyu ulikuwa umekatika sehemu mbili. Nyuma ya mstari huo panatakiwa pawe na ukanda mweusi mwembamba unaotenganisha kondo na msuli, nao haukuwepo. Unene wa msuli wenyewe haukufika hata milimita 1. Ndani ya kondo palikuwa na mashimo yasiyo na umbo, makubwa kwa madogo, kama leso ya zamani iliyoliwa na nondo. Daktari akawasha dopla ya rangi, inayoonyesha damu inavyokwenda, na yale mashimo yakawaka mekundu na ya buluu kwa damu inayozunguka kwa fujo, na mishipa ikaonekana inavuka kutoka kwenye kondo kuelekea kibofu.

Mama akauliza, "Ni mvulana?"

"Ni msichana," daktari akajibu, kisha akazima taa ya mashine na kuvuta kiti. Namheshimu kwa kile kiti. Alimweleza kwa Kiswahili, akiwa ameketi usawa wa macho yake, kabla hajaandika chochote.

Yaliyofuata kwa sehemu kubwa ni mpango, na mipango haisimuliki vizuri, nitaifupisha. Hali kama hii inapojulikana mapema, mtoto hutolewa kati ya wiki ya 34 na ya 36, kabla uchungu haujaanza wenyewe, kwa kuwa uchungu ukianza usiku wa manane timu haipo. Kabla ya hapo mama huchomwa deksamethasoni kukomaza mapafu ya mtoto. Kiwango cha damu yake (himoglobini) kilikuwa 9.4, alipewa madini ya chuma kwa dripu na kikafika 11.2 kufikia siku ya upasuaji. Wiki ya 32 alitokwa damu tena, kidogo, na tangu hapo hatukumruhusu kurudi Kayole. Alilia kwa ajili ya kibanda chake na watoto wawili walioachwa na jirani. Nilimwambia ukweli: ukianza kuvuja saa kumi na mbili jioni, Jogoo Road haitakupisha.

Mazungumzo ya idhini yalinigharimu zaidi kuliko thieta. Mpango ulikuwa kumtoa mtoto kisha kuutoa mji wa mimba pamoja na kondo lake ndani, bila kulibandua. Baba watoto alikaa kimya akikunja kofia. Mama mkwe alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka mashambani, na alikuwa na haki ya kusikilizwa.

"Sista, mimi nimezaa saba," akasema. "Kondo lilitoka lenyewe, wala halikuvutwa na mtu. Hii ya kutoa nyumba ya mtoto ni ya nini?"

"Shosho, kondo lako lilikuwa na mahali pa kuachia. La huyu limeingia kwenye mshono."

"Na mkiliacha tu ndani, lioze taratibu?"

Watu wa pembeni walidhani anakosea, kumbe aliuliza jambo ambalo madaktari nao huliuliza. Ipo njia hiyo. Ufaransa wana uzoefu nayo: mtoto anatolewa, kiungamwana, yaani kamba ya kitovu, kinafungwa, kondo linaachwa ndani ya mji wa mimba lipungue kwa wiki au miezi. Wapo waliozaa tena baadaye. Lakini katika miezi hiyo damu kubwa inaweza kufunguka siku yoyote, na usaha pia, na mama anatakiwa awe karibu na thieta na benki ya damu muda wote. Nikamweleza shosho hayo yote. Njia nyingine ni kukata kipande cha ukuta kilichoshikwa na kushona palipobaki, ikiwa eneo ni dogo. La huyu lilikuwa pana na liko chini kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha mama mwenyewe, ambaye tulikuwa tunamzungumzia kana kwamba hayupo, akasema, "Mama, hawa wawili nikiwaachia nani?" Akachukua kalamu akatia sahihi. Ni mtu mzima, sahihi ilikuwa yake tangu mwanzo, na nilijilaumu kwamba aligeukiwa wa mwisho.

Damu. Kundi lake ni O chanya, nasi tulitaka painti 6 zimetengwa kwa jina lake kabla ya kisu kugusa ngozi. Wenzake wa Gikomba walikuja Jumamosi asubuhi, 11, wengine bado na aprini za kuuzia zenye mifuko ya chenji. Walipimwa uzito na wingi wa damu, 8 wakafaa. Mmoja aliyekataliwa kwa kuwa hakufika kilo 50 aliomba apimwe tena akiwa amevaa viatu.

Siku yenyewe, wiki 34 na siku 3. Daktari bingwa wa uzazi wawili, daktari wa mfumo wa mkojo, daktari wa nusukaputi na msaidizi wake, daktari wa watoto wachanga, mtu wa benki ya damu amekaa mlangoni na simu. Alichomwa sindano ya mgongo kwanza ili amsikie mtoto akilia, kisha alazwe usingizi kabisa. Mkato ulikuwa wa wima, ukapita kitovu kwenda juu. Tumbo lilipofunguka, sehemu ya chini ya mji wa mimba ilikuwa imevimba kama mzinga, ya zambarau, na mishipa minene kama vidole imetambaa juu yake mpaka kwenye kibofu. Hakuna aliyesema kitu. Daktari akaupasua mji wa mimba juu kabisa, mbali na kondo, akamtoa mtoto kwa miguu. Nikampokea. Alilia baada ya kusuguliwa mgongo, na mama akageuza shingo upande ule.

"Hakuna mtu kuvuta," daktari akasema, kwa sauti ya kawaida tu. Kiungamwana kikafungwa kwa uzi, kikakatwa kifupi na kurudishwa ndani, mji wa mimba ukashonwa juu yake. Kipande kile kifupi cha kiungamwana, kimelegea, kinarudi gizani: mkono wa mkunga yeyote unawasha kukivuta. Tumefundishwa kukivuta kwa utaratibu baada ya kila uzazi, na kwa wanawake karibu wote ni kazi njema inayozuia damu.

Niliwahi kuona kikivutwa pasipostahili. Miaka mingi iliyopita, hospitali nyingine ambayo sitaitaja, mama mwenye makovu matatu ambaye hakuna aliyesoma skani yake. Kondo lilitoka vipandevipande. Mimba ikikomaa, damu inayopita kwenye mji wa mimba ni kama mililita 500 hadi 700 kila dakika, na mwili mzima wa mama una lita 5 au 6. Piga hesabu mwenyewe. Tulikuwa na painti 2. Alikufa saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, na mtoto wake alikuwa mzima.

Huyu wetu alipoteza lita 2.8. Tunajua kwa sababu mwenzangu alikuwa anapima kila kitambaa kwenye mizani, gramu moja kwa mililita moja, akiandika ubaoni. Kibofu kilikuwa kimegandana na kovu na kilichanika sentimita 3 kilipokuwa kinatenganishwa. Daktari wa mkojo alikishona tabaka mbili. Mama alipewa asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kutoka damu, gramu 1, painti 5 za damu, na plazima, yaani majimaji ya damu. Saa tatu na robo za kazi. Ovari, vifuko vya mayai, ziliachwa. Alilala chumba cha uangalizi maalumu usiku mmoja. Mtoto, kilo 2.2, alisaidiwa kupumua siku mbili, kisha akawekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi.

Maabara ilithibitisha: inkreta sehemu kubwa, na pahali padogo upande wa kibofu palipofika utando wa nje.

Katika kisa chote mambo yaliyofanywa vizuri yalifanywa baada ya wiki ya 29, na karibu yote yangeweza kuanza mapema zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza skani moja kabla ya wiki ya 24, naye aliipata. Kilichopungua ni fomu ya skani isiyo na nafasi ya kuandika makovu, na ripoti ambayo mwenyewe hakuweza kuisoma. Kama angekuja wiki ya 7, pengine mimba ingeonekana imejishika kwenye kovu lenyewe, na angekuwa na uamuzi mwingine wa kufanya mbele yake. Ninachowaomba wenzangu wa vituo vya afya ni kidogo: mwenye kovu akija na ripoti, msitafute kwanza uzito wa mtoto. Tafuteni kondo liko wapi. Likiwa mbele na chini, msimwambie litapanda. Mwambieni tutalitazama tena wiki ya 32 kwa mtu anayejua kutazama kovu, na akiona damu, hata isiyouma, aje.

Mpira wa mkojo ulitolewa siku ya 12. Wiki ya 6 alirudi kliniki, mtoto ana kilo 3.7, mkojo unatoka vizuri, mshono bado unamvuta akiinama. Aliuliza kama hedhi itarudi. Nikamwambia haitarudi, lakini homoni zake zipo, hajazeeka kwa ghafla kama walivyomwambia sokoni. Alinyamaza kidogo, akafuta macho kwa pembe ya leso. Halafu akafungua kijitabu, ukurasa wa mwisho ulipokuwa na ile karatasi ya mikunjo minne, akaniomba nimwandikie pale chini kilichofanyika, kwa Kiswahili, ili mtu yeyote atakayemtibu baadaye amwelewe, na yeye mwenyewe aweze kukisoma.

Nikaandika: "Mama huyu alipasuliwa mara tatu. Mimba ya nne, kondo liliota kwenye kovu na kuingia ndani ya msuli hadi karibu na kibofu. Mji wa mimba umetolewa pamoja na kondo, ovari zimebaki. Kibofu kilishonwa. Alipewa painti 5 za damu, O chanya." Akasoma kwa sauti, polepole, akanirekebisha mahali nilipoandika mara tatu. "Weka na ile ya kusafishwa, sista. Nayo ilikuwepo."